Mwendo wa Meli na Mfuko wa Mkulima

Wakulima wengi wakaao mbali na pwani hudhani ya kuwa mambo ya meli ni ya mabaharia peke yao. Lakini mtu anunuapo gunia la mbolea iliyotoka ng'ambo, ndani ya bei yake mna gharama ya mafuta yaliyochomwa baharini. Chai ya Kericho nayo, ipitapo bandari ya Mombasa kwenda kwa wanunuzi, huchukua gharama kama hiyo. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi mafuta hayo yanavyoweza kupunguzwa.

Jambo la kwanza ni mwendo. Kadiri meli iongezapo mbio, ndivyo maji yazidivyo kuizuia, na mafuta huliwa kwa kasi kuliko mwendo ulioongezwa. Tutwae mfano wa safari ya maili za bahari 2,400, ambayo ni takriban njia ya Mumbai hadi Mombasa. Meli iendayo maili 20 kwa saa hufika kwa siku 5. Ikienda maili 18 kwa saa huchelewa saa 13 na kidogo, lakini huokoa karibu sehemu moja katika tano ya mafuta ya injini yake kubwa. Mnamo mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda sana, makampuni mengi yaliwaamuru manahodha wao wapunguze mwendo.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini nahodha akimbie? Mara nyingi sababu iko bandarini. Katika bandari nyingi, meli itanguliayo kufika ndiyo itanguliayo kupewa gati. Basi nahodha hukimbia njia nzima, kisha hutia nanga nje akingoja zamu yake, na mafuta ya haraka ile yamekwisha kupotea bure. Dawa yake ni bandari kumjulisha mapema saa ambayo gati litakuwa wazi, ili apime mwendo wake.

Hapo kazi ya karani ina uzito kama ya fundi wa injini. Hati za shehena, za afya na za ushuru zikilala mezani, meli hukawia, na zile zinazoifuata hungoja. Tangu tarehe 1 Januari 2024, Shirika la Kimataifa la Bahari linazitaka nchi wanachama zipokee taarifa hizo zote mahali pamoja kwa njia ya elektroniki, ili wakala wa meli asiandike jambo lile lile kwa kila ofisi.

Hali kadhalika, meli iliyofungwa gatini haizimi mitambo yote, kwa maana yahitaji umeme wa taa, pampu na makontena ya baridi. Bandari ya Gothenburg, nchini Sweden, ilianza mwaka 2000 kuzipa meli umeme wa nchi kavu, na Los Angeles ikafanya hivyo kwa meli za makontena mwaka 2004. Faida yake ni kubwa pale umeme wenyewe usipotokana na kuchoma mafuta, kama ule wa mvuke wa ardhini utokao Olkaria.

Tena iko kazi ambayo wazee wa pwani waliijua zamani, yaani kusafisha chombo chini. Mwani na viumbe vya magamba vikishika, chombo huwa kizito kwenda. Waswahili walipandisha majahazi yao mchangani, wakayakwangua na kuyapaka deheni ya chokaa na shahamu. Meli za chuma nazo husafishwa na kupakwa rangi maalumu kwa sababu hiyo hiyo.

Mkulima hawezi kumwamuru nahodha. Lakini yeye na chama chake cha ushirika waweza kuhakikisha ya kuwa mazao yamefungwa vizuri, hati zake ni sahihi, na yamefika bandarini kabla ya siku ya kupakiwa. Shehena iliyo tayari huiondoa meli gatini upesi, nayo ikiondoka kwa wakati haina haja ya kukimbia njiani ili kufidia saa zilizopotea.