Fahamu: Faida na hasara za kuajiriwa na kampuni ya kati

Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo inaihesabu biashara kuwa ya kati ikiwa na wafanyakazi 50 hadi 99. Ni ukubwa ambao mkurugenzi bado anaweza kukujua kwa jina.

Utamu wake uko hapo. Chukua mhasibu kijana wa kiwanda cha kukamua alizeti Singida. Asubuhi analinganisha hesabu za benki, mchana yuko stoo akihesabu magunia, jioni anawasilisha ritani za TRA mtandaoni. Miaka miwili tu, anaijua biashara nzima. Mwenzake wa benki kubwa huenda bado yuko dirisha lilelile.

Ubaya ni kwamba kazi ya watu watatu mara nyingi hulipwa mshahara wa mmoja. Vyeo navyo ni vichache: kama mhasibu mkuu ni shemeji wa mwenye mali, sahau kupanda. Na mteja mmoja mkubwa akichelewa kulipa, mshahara nao huchelewa.

Hata hivyo, si kila kitu ni hisani ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28, na mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu. Ukishaanza kazi, usingoje kuambiwa: angalia mwenyewe kama michango yako inaingia kila mwezi.