Mali Bila Daftari: Namna ya Kuchagua Programu ya Kuunganisha Dondoo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usia huo walipewa wafanyabiashara, lakini unayahusu maarifa vile vile. Askari huhudhuria kozi akajifunza kusoma ramani, huduma ya kwanza na sheria. Mama huenda kliniki akaelezwa juu ya chanjo na lishe ya mtoto. Watoto hurudi nyumbani na masomo ya shule. Kila mmoja huyaandika hayo popote penye nafasi: nyuma ya daftari la hesabu, juu ya bahasha, au ndani ya simu. Mwaka upitapo, amri ya uhamisho hufika, mizigo ikafungwa kutoka Jinja kwenda Moroto, na yale yaliyoandikwa hayaonekani tena. Yaliandikwa, lakini kila jambo liliachwa peke yake bila njia ya kulifikia.

Siku hizi zipo programu za simu na kompyuta zilizoundwa ili kuondoa shida hiyo kwa kuziunganisha dondoo za mtu, hii na ile, hata zikawa kama mtandao mmoja. Zinazotajwa sana ni Obsidian, Logseq, Roam Research na Notion, na kila moja ina watu wanaoisifu kupita nyingine. Lakini kabla ya kuuliza ipi ni nzuri zaidi, yafaa kuuliza swali jingine: siku mwenye programu atakapobadili masharti yake au kufunga duka lake, dondoo zitabaki mikononi mwa nani?

SANDUKU LA PROFESA

Wazo la kuunganisha dondoo ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mtu anayekumbukwa zaidi kwa kazi hiyo ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 1998. Naye aliyaonja maisha ya jeshi angali kijana: mwaka 1943 aliandikishwa kuwa msaidizi wa jeshi la anga, na mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 17, alitekwa na majeshi ya Marekani. Baada ya vita alisoma sheria, akawa mtumishi wa serikali, na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Bielefeld.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 Luhmann alikuwa na desturi ya kuandika kila wazo juu ya kikaratasi chake. Kila kikaratasi alikipa namba. Wazo lililoendeleza la kwanza liliwekwa nyuma yake na kupewa namba yenye herufi: baada ya 1 ikaja 1a, kisha 1b. Na pale wazo lilipohusiana na jingine lililokuwa mbali, hata katika droo nyingine, aliiandika namba ya lile la mbali papo hapo, mithili ya kibao cha njia panda kinachomwonyesha msafiri pa kuelekea.

Hadi mwisho wa maisha yake vikaratasi hivyo vilikuwa vimefika karibu 90,000, na kutoka humo alitunga vitabu zaidi ya 50 na makala mamia. Jambo moja lapaswa kuangaliwa sana. Luhmann hakuhitaji idhini ya kampuni yoyote ili kulifungua sanduku lake. Alipofariki, vikaratasi vilibaki vikisomeka, na mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Bielefeld kilivinunua, kisha kikaanza kuvipiga picha na kuviweka katika intaneti ili ulimwengu uvisome.

KIUNGO HUFANYA KAZI GANI

Mwaka 1945 Vannevar Bush, mhandisi aliyeongoza utafiti wa kisayansi wa vita nchini Marekani, alitoa makala akipendekeza mashine aliyoiita memex. Mashine hiyo ingehifadhi vitabu na barua za mtu, na kumwezesha kufunga ukurasa huu na ule kwa uzi wa fikra zake mwenyewe. Haikujengwa, lakini wazo lake liliendelea kuishi, na programu za leo ni wajukuu wake.

Namna yake ni rahisi. Katika Obsidian, Logseq na Roam Research, mwandishi huliandika jina la dondoo nyingine ndani ya mabano mraba mawili kila upande, hivi: [[Ajali za barabarani]]. Papo hapo maneno hayo huwa mlango. Akiyagusa, dondoo hiyo hufunguka. Na kama haijaandikwa bado, programu humpa ukurasa mtupu aanze kuiandika.

Faida kubwa zaidi hutoka upande wa pili. Koplo anayejiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo huandika leo dondoo juu ya kuzuia damu isitoke, akaiunganisha na ajali za barabarani. Baada ya miezi mitatu anasoma sehemu ya sheria inayohusu madereva, naye akaiunganisha na jina lile lile. Mwaka ujao anaelezwa jinsi ya kuchora ramani ya mahali pa tukio, akafanya vivyo hivyo. Siku atakapoifungua dondoo ya ajali za barabarani, ataziona zote tatu zimeorodheshwa chini yake, ingawa hakuzipanga pamoja wala hakuzikumbuka. Mama wa nyumbani naye akiiandika homa ya mtoto kwa tarehe, dawa aliyopewa na zahanati aliyokwenda, na kuiunganisha na jina la mtoto, mganga atakapouliza habari za nyuma hatapewa jibu la kubahatisha.

PROGRAMU NNE NA TABIA ZAKE

Roam Research ndiyo iliyoeneza mtindo huu wa viungo vya pande mbili katika miaka ya 2019 na 2020. Ni yenye nguvu, lakini mwaka 2020 ilitangaza ada ya dola 15 za Marekani kwa mwezi, fedha ambazo kwa familia nyingi za askari ni sehemu ya karo ya shule. Aidha, kwa kawaida dondoo zake hukaa katika kompyuta za kampuni.

Notion hufanana na ofisi ndogo: ina kurasa, majedwali na orodha za kazi, na watu wengi waweza kuandika pamoja. Kwa hiyo yafaa kwa kikundi cha akiba na mikopo, au kwa mume na mke walio katika vituo mbalimbali wanaopanga bajeti moja. Hata hivyo, makao ya dondoo zake ni seva za kampuni, na kwa miaka mingi mtu asiye na mtandao alipata taabu kuitumia. Njia rasmi ya kuzifungua kurasa zilizochaguliwa bila mtandao ilitolewa mwaka 2025.

Obsidian ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2020 na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2022. Kila dondoo ni faili la maandishi ya kawaida katika folda iliyo ndani ya simu au kompyuta ya mwenyewe. Faili hizo huandikwa kwa mtindo uitwao Markdown, uliobuniwa mwaka 2004, nazo hufunguka katika programu nyingi sana, hata zile sahili kabisa. Matumizi ya kawaida hayalipiwi. Kinacholipiwa ni huduma kama ile ya kulinganisha dondoo za simu na za kompyuta kupitia mtandao. Asiyetaka kulipa aweza kuinakili folda yake kwa waya.

Logseq nayo ina mtindo wake. Humkaribisha mtu kila siku kwa ukurasa wenye tarehe ya siku hiyo, naye huandika kwa vipengele vifupi vifupi. Askari aliyezoea kuandika shajara ya kila siku atajiona yuko nyumbani. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na desturi yake tangu mwanzo ni kuziweka dondoo katika faili za mtumiaji mwenyewe.

FUNZO LA EVERNOTE

Pengine msomaji ataona kuwa hofu juu ya kampuni ni ya bure. Habari za Evernote zatosha kuwa funzo. Programu hiyo ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2008, na kwa miaka mingi mamilioni ya watu waliitumia bila malipo wakiitegemea kama ubongo wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangazwa kuwa inanunuliwa na kampuni ya Bending Spoons ya Italia. Desemba 2023 wasiolipa waliwekewa mpaka: dondoo 50 na daftari moja tu.

Haki isemwe: dondoo za zamani hazikufutwa, na wenyewe waliruhusiwa kuzisoma na kuzitoa. Lakini mtu aliyekuwa na dondoo 2,000 hakuweza kuongeza hata moja mpaka alipe au ahame. Na kuhama nyumba ya miaka 10 kwa haraka ni jambo ambalo familia za askari zinalijua vizuri: kitu hiki huvunjika, kile husahauliwa, na kingine hakiingii katika nyumba mpya.

YASIYOFAA KUANDIKWA HUMO

Liko jambo ambalo mtumishi wa usalama hana ruhusa ya kulifanyia mchezo. Habari za kazi si dondoo za nyumbani. Majina ya mashahidi, mienendo ya kikosi, zamu za ulinzi, namba za silaha na siri za upelelezi zina vitabu vyake rasmi kituoni, na humo ndimo zinamopaswa kubaki. Dondoo za Notion hukaa katika seva za kampuni ya nje. Na faili za Obsidian, kwa kuwa ni maandishi ya kawaida, zitasomwa na yeyote atakayeiokota simu isiyofungwa. Watoto nao wafundishwe kuwa namba ya siri ya benki haiandikwi katika dondoo hata siku moja.

JARIBIO LA WIKI MOJA

Anayetaka kuchagua asianze kwa kuhamisha maandishi yake yote. Na achague programu moja, kisha afanye haya kwa muda wa wiki moja.

Kwanza, aandike dondoo 20 tu, kila moja ikiwa na wazo moja, kwa maneno yake mwenyewe. Kunakili kurasa nzima za watu wengine ni kujaza ghala makapi.

Pili, kila dondoo aiunganishe na nyingine moja au mbili, na aandike sababu ya kuziunganisha. Kiungo kisicho na sababu hakimfikishi mtu popote.

Tatu, aizime data ya simu siku nzima aone kama dondoo zake bado zinafunguka. Wengi hupelekwa mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha na bando ni ghali.

Nne, na hili ndilo kubwa, siku ya saba azitoe dondoo zote 20 na kuzifungua katika programu nyingine. Zikifunguka na kusomeka, nyumba hiyo ina mlango wa kutokea na yafaa kuingiwa. Zisipofunguka, afadhali ayajue hayo akiwa na dondoo 20 kuliko kuyajua akiwa na 2,000.

Baada ya hapo, kila mwisho wa mwezi, nakala ya folda iwekwe katika flashi na kuhifadhiwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kwa maana simu huibwa, huanguka majini na huharibika.

Asijidanganye mtu kwamba programu itafikiri kwa niaba yake. Baadhi yao huonyesha viungo kwa picha nzuri ya nukta na nyuzi, na wako wanaopoteza jioni nzima wakiipamba picha hiyo bila kuongeza wazo hata moja. Luhmann alikuwa na karatasi, kalamu na droo za mbao, lakini alikuwa na desturi aliyoishika zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo familia isiyo na simu ya kisasa haijaachwa nyuma: daftari lenye kurasa zilizotiwa namba, na namba hizo zikaandikwa popote jambo linapohusiana na jingine, ni mwanzo mzuri kabisa. Siku simu itakapopatikana, dondoo hizo zitahamia humo pamoja na viungo vyake.