MITUMBA INUNULIWAYO KWA SIMU: NINI KIFANYWE NGUO INAPOFIKA NA KASORO

Mzaliwa wa Visiwani apatapo ajira au uhamisho kwenda Nyanda za Juu Kusini, jambo la mwanzo kumkabili huko si kazi bali ni baridi. Igowole, katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, ni mji mdogo ulio katika nchi ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Mwezi wa Juni na Julai, shati lililomtosha mtu Mkunazini au Chake Chake halimfai huko hata kwa asubuhi moja. Koti zito jipya lina bei kubwa, hivyo wengi hukimbilia mtumba. Na siku hizi mtumba haununuliwi sokoni tu, bali pia kwa kutazama picha katika simu.

Na tuchukue mfano wa mwalimu aliyetoka Unguja akapangiwa kazi Igowole. Ameona katika simu picha ya koti, na chini yake muuzaji ameandika kuwa ni la sufu, zito, halina tatizo lolote, bei shilingi 45,000. Akatuma fedha. Muuzaji, aliyeko Dar es Salaam, akalifunga koti na kulipakia katika basi liendalo Mbeya. Likashushwa Mafinga, na kutoka hapo likafika Igowole kwa gari dogo. Alipolifungua alikuta bitana imechanika mgongoni, zipu haifungi, na kwapani pana tundu lililozibwa kwa gundi. Fedha hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya akiba yake ya mwezi, na baridi haingoji mwisho wa mwezi. Je, aseme "mtumba ni mtumba" kisha anyamaze, au anayo haki ya kudai?

Jibu ni kuwa anayo haki. Lakini haki hiyo ina mipaka yake, na hupotea kwa uzembe, kwa kuchelewa na kwa kukosa ushahidi. Makala haya yanakusudia kueleza mipaka hiyo na hatua zinazofaa kufuatwa.

UCHAKAVU SI KASORO ILIYOFICHWA

Tangu masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba imekuwa vazi la watu wa kila hali nchini. Hata uamuzi wa mwaka 2016 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuiondoa hatua kwa hatua haukutekelezwa na nchi nyingi wanachama, Tanzania ikiwemo. Maadamu biashara hii ni halali, hapana budi iendeshwe kwa haki kama biashara nyingine yoyote.

Anunuaye mtumba anakubali kuwa nguo hiyo imekwisha kuvaliwa. Hawezi kulalamika kuwa rangi imefifia kidogo au kuwa kola imelegea kwa umri. Vilevile hawezi kudai kwa ila ambayo muuzaji aliitaja wazi kabla ya kupokea fedha. Akiambiwa "kifungo kimoja hakipo" naye akalipa, amekubali koti lisilo na kifungo kimoja. Alichokataa ni kuambiwa kuwa koti ni zima, hali muuzaji analijua tundu lake.

Jambo hili si geni kwetu. Imepokewa kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka na kukuta chini pamelowa. Mwenye mali alipojitetea kuwa ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Wanazuoni wa fiqhi nao wakaeleza kuwa mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo, naye hakuijua, anayo hiari ya kuirudisha mali. Picha ya simu ni sehemu ya juu ya lundo. Muuzaji mwaminifu huipiga picha na ile sehemu iliyolowa.

SHERIA ZINASEMAJE

Kwa Tanzania Bara, ambako mnunuzi wa mfano wetu na muuzaji wake wote wapo, sheria tatu zinahusika.

Ya kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwa mujibu wake, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, awe muuzaji ni mfanyabiashara au ni mtu binafsi anayeuza koti lake mwenyewe. Ikiwa muuzaji kazi yake ni kuuza nguo za namna hiyo, bidhaa sharti pia iwe katika hali ya kuuzika, isipokuwa kwa ila ambazo mnunuzi angeziona alipoikagua. Mnunuzi wa picha hajakagua chochote. Kwa hivyo anastahili kupata nafasi ya kukagua mzigo unapomfikia, kabla ya kuhesabiwa kuwa ameukubali.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Wapo wanaoandika kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Wananchi waelewe kuwa maneno hayo peke yake hayamfungi mtu aliyeuziwa kwa maelezo ya uongo.

Ya tatu ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015. Sheria hii humtaka auzaye kwa njia ya mtandao ajitambulishe na aieleze bidhaa yake, na humpa mnunuzi siku saba za kuvunja makubaliano. Atumiapo nafasi hiyo, gharama anayoweza kutozwa ni ile ya kurudisha mzigo tu. Siku saba si nyingi kwa mtu aliye mbali na barabara kuu. Ni vyema zihesabiwe tangu siku ile ile mzigo ulipopokewa.

Ama kwa upande wa Zanzibar, ipo Sheria Na. 5 ya 2018 ihusuyo ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara (ZFCC).

HATUA ZA KUFUATA

Mnunuzi aliyepokea nguo yenye kasoro anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Aufungue mzigo mapema, ikiwezekana pale pale anapoupokea na mbele ya shahidi. Ahifadhi karatasi aliyofungiwa mzigo na stakabadhi ya basi.

(b) Asiivae nguo, asiifue, wala asiipeleke kwa fundi cherehani kabla ya shauri kumalizika. Anayeipunguza mikono au kuipiga rangi amejifanya mwenye mali, na itakuwa vigumu kwake kusema baadaye kuwa aliikataa.

(c) Apige picha za kila kasoro kwenye mwanga wa mchana, na kando yake aweke futi kamba kuonyesha ukubwa wa tundu au doa. Apige pia picha ya nguo nzima, ili isije ikasemwa kuwa ni nguo nyingine.

(d) Ahifadhi tangazo la muuzaji, mazungumzo yao yote na ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Matangazo hufutwa upesi; kwa hiyo picha ya kioo cha simu ichukuliwe kabla ya kuanza kulalamika.

(e) Amwandikie muuzaji kwa maneno machache na ya heshima, akitaja tarehe ya malipo, maelezo aliyopewa, kasoro alizozikuta na analolitaka. Ampe muda maalumu wa kujibu. Matusi hayasaidii, na huenda yakamgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Kuhusu analolitaka, mnunuzi anaweza kuchagua kati ya njia mbili. Anaweza kuikataa nguo na kudai fedha zake zote. Au anaweza kubaki nayo na kudai apunguziwe bei kwa kiasi cha kasoro. Mara nyingi njia ya pili ina masilahi zaidi. Ikiwa zipu mpya na kazi ya fundi vitagharimu shilingi 10,000, na koti lenyewe bado linahifadhi joto, kurejeshewa kiasi hicho huenda kukamfaa mwalimu wetu kuliko kulirudisha koti Dar es Salaam na kukaa wiki mbili bila vazi. Lakini uamuzi huo ni wake yeye, si wa muuzaji.

PALE MUUZAJI ANAPOKATAA

Muuzaji akikaa kimya au akikataa, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ina ofisi ya kanda mjini Mbeya. Ikiwa muuzaji anafanya biashara yake Unguja au Pemba, ni vyema yapelekwe ZFCC. Madai madogo ya fedha yanaweza pia kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ama mahali aishipo mdaiwa ama mahali ilipozuka sababu ya madai. Mahakama hiyo huendesha mashauri kwa Kiswahili, hivyo mwananchi anaweza kujieleza mwenyewe.

Hapa yafaa kutofautisha baina ya nguo mbovu na utapeli. Muuzaji aliyetuma koti bovu ana ugomvi wa mauzo na mnunuzi wake. Yule aliyepokea fedha, hakutuma kitu, kisha akazima simu, huenda ametenda jinai, na mahali pake ni kituo cha Polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015. Mtu aliyetapeliwa aitaarifu mara moja kampuni ya simu aliyotumia kulipa, kwani fedha ikishatolewa kwa wakala ni shida kuipata. Namba za matapeli hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

KUZUIA NI BORA

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe picha ya ndani ya nguo, ya kwapa, ya zipu ikiwa imefungwa na ya kola. Asitegemee namba ya saizi, maana namba za Uingereza, Marekani na Ulaya hazilingani; aombe vipimo vya kifua, mabega na urefu wa mkono kwa sentimita. Aulize kwa maandishi: "Je, ina kasoro yoyote?" Jibu la swali hilo moja ndilo litakalokuwa nguzo ya madai yake. Akumbuke pia kuwa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Asizinunue kwa bei yoyote.

Wauzaji nao wanakumbushwa kuwa kutaja ila hakuharibu biashara. Koti lenye tundu lililotajwa litapata mnunuzi wake kwa bei yake, na mnunuzi huyo atarudi tena. Koti lenye tundu lililofichwa huuzwa mara moja tu.

Mwisho, watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wasione haya kudai haki kwa sababu tu kitu walichonunua ni cha mtumba. Shilingi iliyonunua mtumba ni shilingi ile ile ya jasho, na anayetetemeka kwa baridi asubuhi ya Julai huko Igowole anastahili koti aliloahidiwa.