Kabla hujamnyima mwanao karanga

Nikiwa kidato cha pili nilikwenda likizo kwa bibi, Zirai, kwenye Milima ya Usambara, uso umejaa chunusi. Hukumu ilitolewa jikoni siku ileile: marufuku karanga, marufuku parachichi, marufuku mayai. Iliaminika kuwa mafuta yake ndiyo yanayotokeza usoni. Lakini chai ya iliki yenye vijiko vinne vya sukari, maandazi matatu asubuhi na soda ya jioni havikuguswa na mtu. Nilikonda kidogo. Chunusi zilibaki palepale.

Wazazi wengi bado wanatoa hukumu hiyo, na anayeumia ni mtoto anayekua, ambaye anahitaji sana vyakula hivyo.

Chunusi huanzia kwenye kinyweleo. Mtoto anapobalehe, homoni huzichochea tezi zilizo kwenye ngozi kutoa mafuta mengi. Yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu huziba, bakteria huongezeka na ngozi huvimba. Si uchafu, kwa hiyo kumsugua mtoto kwa dodoki kutwa mara nne ni kumwongezea maumivu. Na mafuta hayo hutengenezwa na ngozi yenyewe. Hayatoki moja kwa moja kwenye karanga alizokula.

Chakula huingia kwa mlango mwingine. Vitu vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda, juisi za paketi, biskuti na mkate mweupe, huufanya mwili utoe insulini nyingi, nayo huchangia kuzisukuma tezi zile kutoa mafuta zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 43 wenye chunusi, waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliopunguza vyakula vya namna hiyo na kuongeza protini walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Walipungua uzito pia, kwa hiyo huenda hilo nalo lilisaidia.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2002, ulinivutia zaidi. Katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, watu 1,200 walichunguzwa na hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Wanakula nini? Magimbi, viazi vitamu, matunda, samaki na nazi. Asili ya kuzaliwa inaweza kuwa na mchango, lakini mtu wa Usambara akiisoma orodha hiyo haoni chakula kigeni.

Kwa hiyo anza na kifungua kinywa: gimbi au kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, tunda, na chai yenye sukari kidogo. Maharage, mnavu na parachichi viendelee. Maziwa yamehusishwa na chunusi katika baadhi ya tafiti, ila ushahidi si wa kutosha kumnyima mtoto.

Chakula peke yake hakitoshi kwa kila mtu. Chunusi kubwa zenye maumivu huacha makovu ya kudumu, basi mpeleke hospitali mapema. Usimnunulie krimu za kung'arisha ngozi. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zenye steroidi huweza kuleta chunusi mpya. KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, na wataalamu wake wanafanya kazi sehemu mbalimbali nchini.

Akipewa dawa ya kupaka, mvumilie: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane, na wiki za mwanzo ngozi huweza kukauka na kuwasha.