Yai la Kobe Si Yai la Kuku: Kweli na Uongo Kuhusu Kuangua Kobe wa Ziwani

Kisiwani Mfangano, kaunti ya Homa Bay, mashamba hushuka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kobe wa majini hupanda nchi kavu kutaga. Hapo ndipo jembe hukutana na mayai. Anayeyaokota huyabeba nyumbani akitaka kufuga vitoto, na ushauri wa kwanza anaoupata ni ule wa ufugaji wa kuku. Tuupime, pamoja na mengine yasemwayo kuhusu kobe, kauli kwa kauli.

"Mayai yasipoatamiwa huharibika."
UONGO. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, na udongo ukiwa mgumu huulowesha kwa maji ya mwilini mwake. Akishataga hufukia na kurudi ziwani, wala harudi kuyatazama. Kazi iliyobaki hufanywa na joto la ardhi, kwa muda wa miezi miwili na nusu hadi mitatu hivi.

"Yageuze kila siku."
UONGO, na huu ndio unaoua zaidi. Ndani ya yai la kuku mna nyuzi za ute zinazokishikilia kiini pande mbili, ndiyo maana kuku huligeuza bila madhara. Yai la kobe halina nyuzi hizo. Muda mfupi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu, ndani ya ganda. Ukilipindua baadaye, kinaweza kung'oka au kulaliwa na kiini. Anayelazimika kuhamisha yai huliwekea alama ya penseli juu, kisha hulibeba na kulilaza alama ikiwa juu vilevile.

"Ukiligusa tu, limekufa."
NUSU KWELI. Mayai yakiwa bado tumboni mwa mama hupata hewa kidogo sana ya oksijeni, hivyo ukuaji wa kiinitete husimama. Huendelea baada ya kutagwa. Kwa hiyo yai la saa chache huvumilia kusogezwa. La siku kadhaa halitaki mtikisiko.

"Kobe ni wa majini, basi mayai yakae majini."
UONGO. Kiinitete hupumua kupitia ganda. Kinahitaji mchanga wenye unyevu, ule unaoshikana ukiufinyanga lakini hautoi tone. Yai likizama, hukosa hewa na kufa. Ndiyo maana maji ya ziwa yanapopanda, kama yalivyopanda mwaka 2020 na kuvunja rekodi ya 1964, viota vya ukingoni huwa hatarini hata pasipo mtu wa kuvichokoza. Kuna kobe wa kaskazini mwa Australia anayetaga chini ya maji, lakini hata mayai yake husubiri ardhi ikauke ndipo yaanze kukua.

"Joto huamua kama kitoto kitakuwa dume au jike."
KWELI. Jambo hili liligunduliwa Afrika: mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, alieleza kwamba joto la mayai ya mjusi aina ya agama huamua jinsia. Baadaye ilionekana kuwa ndivyo ilivyo kwa kobe wengi. Kwa kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho, anayeuzwa katika nchi nyingi kama kipenzi, nyuzi 26 za Selsiasi hutoa madume na nyuzi 31 majike. Kwa jamaa wa kobe wetu waliochunguzwa, joto la katikati hutoa madume, na kuzidi kwa baridi au joto hutoa majike. Basi aliyeweka mayai yote ndani ya mashine ya kuangulia kwa kiwango kimoja cha joto huenda akapata jinsia moja tupu.

"Kitoto kikikwama, kivunjie ganda."
UONGO. Kitoto huja na kijino puani cha kutobolea ganda, kisha huweza kutulia humo kwa siku nzima au zaidi. Hakijakwama. Kinamalizia kunyonya kiini kilichobaki tumboni. Ukikivuta, unaweza kuupasua mfuko wa kiini hicho, nacho kitoto kikafa.

"Kobe ni mnyama safi, mtoto acheze naye tu."
UONGO. Kobe mwenye afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba la chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Anayemgusa kobe, au maji yake, anawe mikono kwa sabuni.

"Nimeyakuta shambani kwangu, ni yangu."
UONGO. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa porini, na mwenye shamba hakuepushwa. Wa kuulizwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Ukitaka vitoto vionekane Mfangano, njia ya uhakika ndiyo isiyo na gharama. Jembe likifunua mayai, usiyapindue. Yafukie papo hapo kwa udongo uleule, weka mawe machache kuzunguka ili mwenzako asilime hapo, na ufunike kwa matawi ya miiba kuwazuia kenge na mbwa. Baada ya miezi miwili iondoe miiba, maana vitoto vitahitaji njia ya kushukia ziwani.