Kubadili klachi uani, kwenye ardhi ya lava

Gari likiwa linapanda kutoka Sake kuelekea Masisi, injini ikanguruma bila mwendo kuongezeka na harufu ya kuungua ikajaa ndani, klachi inateleza. Mwenye Hilux kuukuu pale Mubambiro, karibu na Sake, anaweza kuibadili uani kwake akiwa na msaidizi mmoja, na si lazima alivute gari hadi Goma. Kinachonisikitisha ni kuona mtu ameshusha giaboksi nzima, kazi ya kutoka jasho, halafu akabadili diski peke yake ili abakize dola chache.

Diski hukaa kati ya flaiwili, inayozunguka na injini, na plato yenye springi inayoikandamiza. Ukikanyaga pedali, beringi ambayo mafundi wetu huiita bute husukuma springi hiyo, diski ikawa huru. Dereva anayelizuia gari mlimani kwa nusu klachi, huku breki ya mkono ipo, anaisugua diski bila kuibana sawasawa, na joto linaila. Ongeza matope ya masika na magunia ya makaa yaliyopita kiasi.

Kabla ya kufungua boliti hata moja, pima pedali kwa mkono. Lazima ishuke kidogo kabla ya kuanza kuwa nzito. Isipokuwa na nafasi hiyo, bute inaigandamiza plato muda wote, na huenda urekebishaji tu ukatosha. Gia zikiingia kwa shida, huo ni ugonjwa mwingine: tafuta mafuta yanayovuja au hewa iliyoingia kwenye mpira wa klachi.

Sasa jambo linaloweza kuua. Ardhi ya huku ni lava. Ile ya volkano ya Nyamulagira ya mwaka 1938 hadi 1940 ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake. Mawe yake yapo kila ua na yanaonekana magumu, lakini yana matundu ndani na hupasuka ghafla yakibebeshwa uzito. Usiingie kamwe chini ya gari lililokalia mawe hayo, wala lililoshikwa na jeki tu. Panga magogo mapana ya mbao ngumu yaliyokingamana, juu ya mahali palipo sawa, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini.

Hilux za zamani zinazoendeshwa na magurudumu ya nyuma zina mpangilio uleule wa Toyota Celica zilizoshinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986: injini mbele, giaboksi nyuma yake, kisha kardani. Kwa hiyo mwenye gari la michezo la zama hizo lenye mpangilio huo atafuata njia hii pia. Ondoa waya hasi wa betri. Weka alama ya rangi pale kardani inapoungana na difu, ili irudi ilivyokuwa. Toa stata, waya na mkono wa gia; silinda ndogo ya klachi ifungue uitundike pembeni bila kukata mpira wake. Tegemeza injini kwa mbao, kisha vuta giaboksi nyuma moja kwa moja. Isining'inie kwenye shafti yake.

Vumbi utakalolikuta usilipulize. Diski za zamani huenda zilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Halafu tazama flaiwili. Madoa ya bluu na nyufa ndogo ni alama za joto, na inafaa ichongwe upya na fundi wa mashine. Ukiona mafuta, sili ya nyuma ya injini inavuja, nayo itailowesha diski mpya ndani ya muda mfupi.

Ndiyo maana nasisitiza ununue diski, plato, bute, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sili hiyo kwa pamoja. Goma iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Sake, na vita vimeifunga barabara ya kwenda huko mara nyingi. Bute ya zamani ikianza kulia baada ya miezi michache, giaboksi itashuka tena.

Katika kufunga, upande wa diski uliotokeza springi kwa kawaida hutazama giaboksi. Ukigeuzwa, klachi haitaachia. Diski ikae katikati kabisa: shafti ya giaboksi iliyokufa ndiyo kifaa bora, na kijiti kilichochongwa kwa vipimo hivyo nacho kinafaa. Kaza boliti za plato kwa kukingamanisha, kidogo kidogo, hadi takriban nyutoni-mita 19 kwa Hilux nyingi za zamani. Grisi ipake kiasi cha kung'arisha tu meno ya shafti.

Giaboksi ikigoma kuingia milimita za mwisho, usiivute kwa boliti. Zungusha shafti kidogo, rekebisha kimo cha jeki, jaribu tena. Baadaye, kwa kilomita mia kadhaa za kwanza, punguza magunia.