Istilahi za Maabara: Kuotesha na Kupima Bakteria wa Udongo

Wafasiri wa vitabu vya sayansi mara nyingi hutumia maneno yanayokaribiana maana kana kwamba ni mamoja. Katika makala haya twachunguza mifano mitatu inayohusu zoezi la kuotesha bakteria wa udongo katika maabara ya wanafunzi.

Katika zoezi hilo, gramu 1 ya udongo huchanganywa na maji na kuzimuliwa mara kadhaa. Kisha tone lake hutandazwa sahanini juu ya agari, yaani ute ulioganda utokanao na mwani mwekundu, uliotiwa chakula. Baada ya siku chache huonekana madoa. Kila doa ni koloni, yaani kundi la bakteria wengi mno.

Kwanza ni neno "vimelea". Kimelea huishi kwa kukinyonya kiumbe hai kingine. Bakteria wengi wa udongo hula masalio ya viumbe vilivyokufa. Kuwaita wote vimelea ni kumpotosha mwanafunzi.

Pili ni "kusafisha" na "kutakasa". Mwanafunzi aliyeambiwa asafishe chupa ataiosha kwa sabuni. Lakini bakteria wa jenasi ya Bacillus, walio wengi udongoni, hufanya spora zinazostahimili hata maji yachemkayo. Kutakasa ni kuangamiza viumbe vyote, aghalabu kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15. Chupa isipotakaswa, haitajulikana kama bakteria wametoka udongoni au chupani.

Tatu ni "kuua" na "kuzuia". Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, alipata kutokana na bakteria wa udongo streptomisini, dawa iliyokuja kutibu kifua kikuu. Dawa za namna hii zaweza kupimwa sahanini: zikifanya kazi, huzungukwa na duara tupu lisiloota bakteria. Baadhi ya dawa huua, nyingine huzuia ukuaji tu, na duara halitofautishi. Hivyo twapendekeza "duara la kizuio".

Basi mfasiri asiseme zaidi ya kile sahani inachoonyesha, wala pungufu ya kile kazi inachodai. Sahani zilizokwisha kutumika nazo sharti zitakaswe kabla ya kutupwa. Pakiandikwa "zisafishwe", kosa la neno laweza kuwa kosa la afya.